Mgeni Njoo, Ng'ombe Apone

Ukitoka Makambako kuja Njombe kwa basi, mwendo wa kilomita 60 hivi, karibu kila unachokiona dirishani ni mgeni. Miwati asili yake ni Australia. Ilienea huku baada ya mwaka 1949, Waingereza walipoanzisha kampuni ya TANWAT ili maganda yake yatoe dawa ya kutengenezea ngozi. Viazi mviringo vimetoka milima ya Amerika ya Kusini. Chai ni ya Asia. Parachichi, zinazowajengea watu nyumba siku hizi, kwao ni Meksiko na majirani zake. Hata majani wanayokatiwa ng'ombe wa maziwa huku kwetu Ramadhani yanaitwa Guatemala, na Guatemala, ndugu msomaji, ni nchi, iko Amerika ya Kati. Basi mtu wa Njombe asishangae nikimletea habari za mgeni mmoja zaidi.

Mgeni huyo ni mpungate, ule mmea wa miiba wenye mabapa manene ya kijani, moja limeota juu ya jingine kama viganja vya mikono. Kamusi huuita pia dungusi kakati. Vijana wa mjini wanasema kaktasi tu, yamekwisha. Nikiutaja kijiweni kuwa ni chakula cha ng'ombe, wenzangu hucheka: "Sasa we mwandishi unataka kulisha mifugo misumari!" Waache wacheke. Lakini mmea huu umewahi kuwa tofauti kati ya kijiji chenye maziwa na kijiji chenye makaburi, na habari zake hatukuzisoma shuleni. Tulisoma wafalme, vita na mikataba. Wafalme hao walihesabiwa utajiri kwa ng'ombe. Je, ng'ombe wao walikula nini mwaka wa kiangazi? Hilo swali hakuna mwalimu aliyetuuliza.

Kwanza tuutambue mmea wenyewe, maana wengi huuchanganya na mnyaa. Mnyaa na wale ndugu zake wakubwa wanaosimama kama vinara vya mishumaa ni wenyeji wa Afrika, na ukiwakata hutoka utomvu mweupe kama maziwa, unaochoma ngozi na kuweza kupofusha jicho. Huo usithubutu kumpa ng'ombe. Mpungate ukikatwa hautoi maziwa. Hutoa ute, kama bamia. Kwao ni Amerika. Wameksiko wanauheshimu hata wameuweka kwenye bendera yao, tai amekaa juu yake akimla nyoka. Wahispania walipofika huko mwanzoni mwa karne ya 16, waliuchukua wakaupeleka kwao, na kutoka hapo ukasambaa kandokando ya Bahari ya Kati, ukaingia Afrika ya Kaskazini, kisha ukasafiri na mabaharia na wamisionari mpaka pembe nyingine za bara letu.

Sasa, una nini ndani yake? Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Chukua kilo 100 za mabapa mabichi. Kilo 90 hivi ni maji matupu. Zilizobaki, kama kilo 10, ndicho chakula chenyewe. Ndani ya chakula hicho kuna wanga na sukari ya kutosha kumpa mnyama nguvu, kuna madini ya chokaa kwa wingi, kuna vitamini A ambayo majani makavu ya kiangazi huwa yameipoteza. Lakini protini, ile inayojenga nyama na maziwa, ni kidogo: mara nyingi kama sehemu 5 tu katika 100 za chakula kikavu. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji sehemu 12 au zaidi. Kwa hiyo ng'ombe akila kilo 50 za mpungate kwa siku, amekunywa ndoo mbili kubwa za maji bila kwenda mtoni, amepata nguvu ya kusimama na kutembea, lakini protini aliyoipata ni robo kilo tu. Mpe mpungate mtupu siku nyingi, ataanza kuharisha na kukonda. Mchanganyie mabua ya mahindi, majani ya maharage na mashudu kidogo ya alizeti, hapo mambo yanakuwa mengine.

Na siri yake ya kustahimili jua ni hii. Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana ili ivute hewa, na hapo hapo maji yake yanapotea kwa jua. Mpungate hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, mchana unafunga mlango na kulala. Ndiyo maana nyasi zikiwa zimegeuka vumbi, wenyewe bado umevimba maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza mwaka 2017 kwamba hekta moja ya mpungate inaweza kubeba mpaka tani 180 za maji, ya kuwatosha ng'ombe wazima 5. Kondoo wakipewa wa kutosha wanaweza kukaa karibu bila kunywa maji kabisa.

Haya ya maabara yanasomeka vizuri. Lakini waliogundua kwanza hawakuwa na maabara. Twende basi Madagaska, kisiwa kilicho ng'ambo ya Msumbiji, tukawaone.

Kusini kabisa mwa kisiwa hicho kuna nchi kavu iitwayo Androy, na wenyeji wake ni Waantandroy, wafugaji. Mwaka 1769 Mfaransa mmoja, Comte de Maudave, aliyekuwa akisimamia ngome ya Fort-Dauphin, alileta mpungate ili uwe ua wa miiba kuizunguka ngome. Yeye alitaka ukuta. Waantandroy waliuona ule ukuta wakaona zaidi. Waliuita raketa. Waliupanda kuzunguka vijiji, zizi na mashamba. Matunda yake wakala wao, hasa miezi ya njaa. Kiangazi walikata mabapa, wakayapitisha motoni mpaka miiba iungue, wakayakatakata, wakawapa ng'ombe, chakula na maji kwa pamoja. Kwa muda wa miaka 150 hivi, mmea wa kizungu uligeuka kuwa mhimili wa nchi ya wafugaji Waafrika. Hakuna afisa kilimo aliyewafundisha.

Wafaransa waliitangaza Madagaska kuwa koloni lao mwaka 1896, na walipotaka kuishika Androy walikutana na ule ukuta wao wenyewe. Vijiji vilikuwa vimejificha ndani ya vichaka vya mpungate ambavyo askari hawakuweza kuvipita kirahisi. Hebu fikiri, mwenzangu: ua ulioletwa kumlinda Mfaransa dhidi ya mwenyeji sasa unamlinda mwenyeji dhidi ya Mfaransa! Ukitaka riwaya, hiyo hapo.

Baada ya nchi kutulizwa kwa bunduki, ndipo ukaja ubishi ofisini. Upande mmoja alikuwapo Henri Perrier de la Bâthie, mtaalamu mkubwa wa mimea, aliyeuona mpungate kama mvamizi unaokula ardhi ambayo ingelimwa. Upande wa pili Raymond Decary, mtawala aliyefanya kazi Androy kwenyewe, alitetea kwamba bila mmea huo watu na ng'ombe wa kule hawataishi. Wasomi wawili, hoja mbili. Wafugaji wenyewe hawakukaa kwenye meza ya ubishi huo.

Mwaka 1924 mdudu aliletwa kisiwani. Ni kochinili, jamaa ya vile vidung'ata vinavyoshambulia mihogo yetu: kadudu kanakojifunika unga mweupe, ukikaminya kanatoa rangi nyekundu kama damu. Kazi yake ni moja, kufyonza mpungate mpaka ufe. Kutoka huko juu Tananarive alifikishwa kusini, akaenea kwa upepo na kwa mikono ya watu. Kufikia mwaka 1929 misitu ya raketa ya Androy ilikuwa imelala chini, imeoza. Kisha mvua ikakataa. Miaka ya 1930 na 1931 njaa ikapiga. Ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa kukosa chakula na maji, watu wakafa, na walioponea wengi wakahama kwenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya walowezi. Wako wanahistoria wanaouliza mpaka leo kama hilo la vibarua lilikuwa bahati mbaya tu. Mimi nasema hivi: hata kama hakuna aliyelipanga, yuko aliyefaidika, naye hakuwa mfugaji.

Mtu anaweza kusema, aa, huyu anamwonea mtaalamu. Mbona Australia walifanya hivyo hivyo na wakashangilia? Ni kweli. Kule Queensland na New South Wales mpungate ulikuwa umefunika eneo la hekta milioni 24 hivi, wakulima wakahama mashamba yao. Mwaka 1925 wakaleta kipepeo mdogo kutoka Argentina ambaye viwavi wake hutoboa mabapa na kuyala kwa ndani. Wakamwachia mwaka 1926, na katika muda wa miaka michache nchi ikafunguka. Wakulima walifurahi hata ukumbi mmoja wa kijiji ukapewa jina la mdudu huyo. Tofauti iko wapi? Queensland waliolalamika ndio walioishi na mmea. Androy walioishi na mmea hawakulalamika. Mdudu kwa mdudu, miaka ile ile. Kwa huyu ukombozi, kwa yule maangamizi.

Wakati huo huo nchi nyingine zilikuwa zinajifunza kuulisha. Marekani, wizara yao ya kilimo ilichapisha mwaka 1905 kitabu cha David Griffiths kuhusu mpungate kama chakula cha mifugo. Wafugaji wa Texas walikuwa wakiunguza miiba kwa mitambo midogo ya kurusha moto, halafu ng'ombe wanakula palepale. Miaka hiyo hiyo Luther Burbank wa California akatangaza mpungate usio na miiba, ukauzwa kwa mbwembwe kana kwamba jangwa limepata dawa. Watu walinunua, wengi wakajuta. Mpungate usio na miiba hauna silaha, kwa hiyo kila mnyama anautafuna kabla haujakua; lazima uzungushiwe ua na utunzwe kama shamba lolote. Hapana muujiza.

Walioutendea haki zaidi, kwa nionavyo, ni Wabrazili wa kaskazini mashariki, nchi ya ukame unaorudi rudi. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka 1932 serikali yao iliamuru yapandwe mashamba ya mbegu za mpungate wa malisho, na leo wafugaji wadogo wa huko wanaulima kwa mistari, wanauwekea samadi, wanaukata kwa panga na kuuchanganya na majani makavu. Wanauita palma. Si mmea wa dharura kwao. Umo kwenye hesabu ya mwaka mzima, kama kwetu debe la pumba.

Turudi Afrika yetu ya Mashariki. Kule Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, mpungate uliingia katikati ya karne ya 19, husemwa kwa mikono ya wamisionari, nao wenyeji wakauita beles. Matunda yake ni chakula cha watu na biashara ya watoto barabarani. Mabapa yake ni ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wakaleta kochinili. Safari hii nia haikuwa kuua. Walitaka ile rangi nyekundu, ambayo viwanda vya vyakula na vipodozi duniani hununua kwa bei nzuri. Wazo zuri kwenye karatasi. Lakini mdudu hasomi karatasi. Mavuno hayakusimamiwa ilivyotakiwa, akatoka nje ya mashamba yake, akaanza kuimaliza beles ya wakulima wa kusini mwa Tigray. Miaka 80 baada ya Androy, bara lile lile, mdudu wa ukoo ule ule, kosa lile lile. Kama habari za Madagaska zingekuwa zinasimuliwa kwenye madarasa na magazeti ya Afrika, pengine mtu mmoja kwenye mkutano ule angenyoosha mkono.

Ila nisije nikaonekana wakili wa mpungate. Jirani zetu wa Laikipia, Kenya, wana kesi nyingine. Wakoloni waliupanda kule kama ua, na aina zilizoshika ni zile zenye miiba mikali. Ardhi ya malisho ilipochoka, mpungate ukachukua nafasi ya nyasi, na tembo na nyani wakala matunda na kutawanya mbegu. Mbuzi na ng'ombe wa Wamaasai wanayapenda matunda hayo, lakini visindano vyake vidogo kama manyoya vinaingia kwenye fizi, kwenye ulimi, mpaka tumboni. Mnyama anapata vidonda, anashindwa kula, anakufa akiwa amezungukwa na chakula. Huko katika miaka ya 2010 kochinili aliachiwa kwa makusudi, na wafugaji wakampokea kama mkombozi. Wamaasai wa Laikipia na Waantandroy wa Androy wote ni wafugaji wa nchi kavu. Mmoja akiona mdudu yule anashukuru, mwingine babu yake alilia. Nani ana haki? Wote wawili, kwa sababu kila mmoja anasema anachokiona kwenye mdomo wa ng'ombe wake.

Na Androy yenyewe ilibadilika. Baada ya njaa ile aina nyingine za mpungate zilipandwa, zisizouawa kirahisi na mdudu yule, nazo zinawaokoa watu na mifugo kila ukame unapokuja. Lakini moja kati yake, yenye matunda mekundu, imekuwa mvamizi wa malisho. Mgeni yule yule, sura mbili, kijiji kimoja.

Basi sisi inatuhusu nini? Njombe mjini tunakaa juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua ipo, Juni na Julai sakitu inaunguza majani, na mabingobingo na Guatemala vinatosha kwa mwenye bidii. Mpungate hapa utakuwa pambo la bustani. Lakini shuka Makambako, uteremke mpaka Igawa na bonde la Usangu, au nenda upande mkavu wa Wanging'ombe. Kiangazi huko ni habari nyingine. Nenda mbali zaidi: mwanzoni mwa mwaka 2022 mifugo ilikufa kwa maelfu Simanjiro na Longido, mizoga imelala kando ya mabwawa yaliyokauka. Hali ya hewa inavyokwenda, siku moja atatokea mtu mwenye gari jeupe na makaratasi, aseme ameleta dawa ya ukame, mmea wa ajabu usiohitaji maji. Au atatokea mwingine aseme ameleta mdudu wa ajabu.

Siku hiyo tuwe na maswali mkononi. Ni aina ipi, yenye miiba au isiyo nayo? Nani atauzungushia ua? Protini itatoka wapi, mashudu bei gani? Ukitoroka shambani nani atalipa? Na la kwanza kuliko yote: mmewauliza wanaochunga? Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hao hao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waantandroy walimpa mgeni wao jembe, akalima miaka 150. Wabrazili nao wamempa. Laikipia aliachwa azurure tu, akawa jambazi. Na pale alipokuwa analima vizuri, akaja mtu asiyefuga akamwua bila kumwuliza mwenye nyumba.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, mnasumbuka kutafuta visa vya mapenzi mjini, na hivyo navyo ni halali. Lakini ng'ombe aliyeliwa mahari, ng'ombe aliyelipa karo, ng'ombe aliyekufa mwaka wa njaa, kila mmoja alikuwa na kitu mdomoni, na kitu hicho kina historia yake. Wazee wanaoijua wapo bado, huku Njombe, Makambako, Usangu. Waulizeni malisho ya kiangazi yalikuwa nini kabla ya Guatemala kufika, nani aliyaleta na nani aliyakataza. Andikeni majina ya hayo majani kwa Kibena, kwa Kihehe, kwa Kisangu, kabla hayajapotea. Kalamu ni ya bei ndogo kuliko debe la pumba.